Mhobiti si Nusu ya Mtu: Udogo, Umilikaji na Swala la Jina katika Riwaya za J.R.R. Tolkien

Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili haikuanza jana kubuni nchi zisizokuwepo. Shaaban Robert alituchorea Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani, naye Katama Mkangi akatupa Walenisi (1995), jamii ambayo jina lake, likitamkwa polepole, humwambia msomaji kwamba wale ni sisi. Pamoja na hayo, uhakiki wetu umekuwa na haya fulani mbele ya riwaya za kifantasia zitokazo ng'ambo. Aghalabu riwaya hizo huachiwa watoto, au huhesabiwa kuwa ni burudani ya watu walioshiba. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba msimamo huo unatunyima jambo la maana, na yatafanya hivyo kwa kuichunguza jamii moja tu ya kubuni: Wahobiti wa mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien (1892–1973), wanaojitokeza katika The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955).

Chanzo cha makala ni darasa. Katika semina ya wanafunzi wa uzamili kuhusu nadharia ya tafsiri, tuliwapa washiriki kurasa chache za riwaya hizo na kuwataka watafute neno la Kiswahili la kuwataja watu hao wafupi. Wengi waliandika "mbilikimo" bila kusita. Wachache waliandika "kijitu". Mmoja aliandika "nusu-mtu". Mjadala uliozuka ulitupitishia saa ya kwenda nyumbani, na ulitufunza kwamba hakuna aliyeweza kulitetea neno lake bila kwanza kujibu swali kubwa zaidi: je, udogo wa Mhobiti ni wa namna gani? Ni udogo wa mwili, wa akili, wa hadhi, au wa kitu kingine?

Hoja yetu ni kwamba sifa na mila za Wahobiti si pambo la kuchekesha. Ni mfumo mmoja wenye kiini, na kiini hicho ni namna jamii hii inavyohusiana na vitu: jinsi inavyovitoa, inavyovipokea na inavyoshindwa kuviachilia. Tukishakiona kiini hicho, tutaweza kuuhukumu udogo wao, na hatimaye kurejea kwenye swala la jina tukiwa na ithibati mkononi.

Sauti ya mtaalamu wa mila

The Lord of the Rings haianzi kwa kisa. Inaanza kwa dibaji ndefu inayowaeleza Wahobiti kama vile mtaalamu wa mila angaliyeeleza kabila alilolitembelea. Tunaambiwa kimo chao ni kati ya futi mbili na nne. Hawavai viatu, kwa kuwa nyayo zao ni ngumu na miguu yao ina manyoya ya kujisokota. Wanapenda mavazi ya rangi za kung'aa, hasa manjano na kijani. Hula milo sita kwa siku kila wanapoipata. Huvuta tumbaku kwa kiko, na ufundi huo hujivunia kuwa ndio waliouanzisha. Hawana uchawi wowote, isipokuwa wepesi wa kujificha kimyakimya wanaposikia watu wakubwa wakija. Wako wa makundi matatu, Harfoots, Stoors na Fallohides, na kila kundi lina maumbile na mazoea yake. Kijadi makao yao ni mashimo yaliyochimbwa vilimani kwa ustadi, yenye milango na madirisha ya duara, ingawa wengi wao sasa hujenga nyumba za kawaida. Mhobiti huhesabiwa kuwa mtu mzima atimizapo miaka 33.

Serikali yao nusura isiwepo. Wana Thain, cheo cha kurithi kilichobakia jina tu, na meya anayechaguliwa kila baada ya miaka saba, ambaye kazi yake kubwa ni kuongoza karamu. Askari wao wa ndani ni kumi na wawili kwa nchi nzima, na sare yao ni unyoya kwenye kofia. Wanachokishughulikia kwa bidii ni nasaba. Mhobiti hufurahia kuketi na kuhesabu nani ni binamu wa nani upande wa mama, na vitabu avipendavyo ni vile vinavyomweleza mambo anayoyajua tayari.

Msomaji wa Kiafrika anaijua sauti hii. Ndiyo iliyotumika katika vitabu vilivyoandikwa na wamishenari na maofisa wa kikoloni kuhusu watu wetu, ambamo maumbile ya mwili, makao, chakula, ukoo na utawala vilipangwa sura kwa sura, na mwandishi akasimama kando akitabasamu. Tofauti ni kwamba hapa anayepimwa kimo na kuhesabiwa milo si mtu wa mbali. Tolkien alieleza katika barua zake kwamba Shire, nchi ya Wahobiti, ni kama kijiji cha Warwickshire cha wakati wa jubilii ya miaka sitini ya Malkia Victoria, yaani mwaka 1897. Yeye mwenyewe alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, akapelekwa Uingereza mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka mitatu, na mwaka uliofuata akahamia na mamake na nduguye katika kitongoji cha Sarehole karibu na Birmingham. Kwa hiyo aliingia katika kijiji cha Kiingereza akiwa mgeni, na yamkini ugeni huo ndio uliompa jicho la kuona kwamba mila za wenyeji nazo ni mila, zinazoweza kuorodheshwa na kustaajabiwa kama za watu wengine wowote.

Hatusemi kwamba Tolkien alikusudia kuikejeli ethnografia ya kikoloni. Hilo hatuna ushahidi nalo. Tunachosema ni kwamba matini yenyewe inafanya kazi hiyo. Mwingereza wa shambani amegeuzwa kuwa mwenyeji wa ajabu, na msomaji Mwingereza, akimcheka, anajicheka.

Zawadi na uwongo

Katika orodha hiyo ya mila, mbili zinahitaji kutazamwa kwa makini. Ya kwanza ni ya siku ya kuzaliwa. Mhobiti anapoadhimisha siku yake, yeye ndiye huwapa wengine zawadi. Kwa kuwa ukoo ni mkubwa na siku za kuzaliwa ni nyingi, karibu kila mtu hupata kitu kidogo kila wiki. Mila ya pili inahusu kitu wanachokiita mathom, yaani chochote ambacho mtu hana matumizi nacho lakini hataki kukitupa. Nyumba zao hujaa vitu hivyo, na vingi huzunguka kutoka mkono hadi mkono kama zawadi. Vingine hupelekwa katika nyumba maalumu huko Michel Delving, ambayo ndiyo makumbusho yao. Neno lenyewe Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, alilitoa katika lugha hiyo, ambamo lilimaanisha hazina au kitu cha thamani. Kwa Wahobiti hazina imeshuka daraja na kuwa kitu cha kumpa binamu.

Mtu anaweza kuyaona haya kuwa ni utani wa kijijini. Lakini hebu tuyaweke kando ya kile kinachoisukuma hadithi nzima. Pete Kuu ni kitu ambacho anayekimiliki hawezi kukitoa. Humpa nguvu ya kutoonekana, humwongezea umri, na humfunga moyo hadi asiweze hata kufikiri kuachana nacho. Kwa maneno mengine, Pete ni kinyume halisi cha mathom. Mwandishi ameibuni jamii ambayo desturi yake kuu ni kuvitoa vitu, kisha akaitumbukizia kitu kimoja kisichotoleka. Hapo ndipo mila inapogeuka kuwa ploti.

Ushahidi ni mwingi. Gollum, kiumbe aliyeishi na Pete gizani kwa karne nyingi, hapo awali alikuwa Sméagol, wa jamii iliyo na udugu na Wahobiti. Rafiki yake Déagol alipoiokota Pete mtoni, Sméagol aliidai kwa hoja kwamba ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na aliponyimwa alimnyonga. Toka siku hiyo akawa anaiita zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Bilbo naye, aliyeiokota Pete katika pango la Gollum, aliwaambia wenzake kwamba alipewa kama zawadi baada ya kushinda katika mashindano ya vitendawili. Huo ulikuwa uwongo, na uwongo huo ndio uliomtia Gandalf, mzee mwenye elimu za siri, shaka ya kwanza.

Historia ya matini inalitia jambo hili nguvu zaidi. Katika toleo la kwanza la The Hobbit (1937), Gollum alikuwa ameahidi kwa hakika kuitoa pete kama zawadi. Tolkien alipoanza kuandika kisa kirefu zaidi aliona kwamba Pete ya aina hiyo haiwezi kuahidiwa na yeyote aliyeionja. Katika toleo la pili (1951) aliiandika upya sura hiyo, na lile simulizi la awali akalifanya kuwa uwongo wa Bilbo. Badala ya kulificha kosa la mwandishi, alilihamishia kwa mhusika. Matokeo yake ni kwamba wezi wawili, mmoja mbaya na mmoja mwema, wanadanganya kwa lugha moja. Wote wawili wanajua kwamba katika jamii yao njia halali ya kitu kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni zawadi, na kwa hiyo wanapokosea huivika dhambi yao nguo ya zawadi. Jamii huonekana vizuri zaidi katika uwongo inaouona kuwa na heshima.

Tunaelewa sasa kwa nini karamu ya siku ya kuzaliwa imewekwa mlangoni pa The Lord of the Rings. Bilbo anatimiza miaka 111 na Frodo, mrithi wake, miaka 33, siku moja. Bilbo amegawa zawadi kwa wote, nyingine zikiwa na vijikaratasi vya kejeli. Lobelia Sackville-Baggins, anayeshukiwa kuwa alikuwa akiiba vijiko vya fedha, anaachiwa kasha la vijiko. Inabaki zawadi moja tu, Pete, na mkono unagoma. Bilbo anakasirika, anamshuku rafiki yake wa siku nyingi, anazungumza kama Gollum. Mwishowe, kwa kuhimizwa sana na Gandalf, anaiacha. Gandalf baadaye anaeleza kwamba hakuna mwingine katika historia yote ya Pete aliyepata kuiachilia kwa hiari. Hatudhani ni sadfa kwamba aliyeweza ni mtu aliyekuwa katikati ya kugawa vitu vyake.

Hata hivyo, tusiifanye hoja hii kuwa nyepesi kupita kiasi. Sméagol naye aliijua mila ya zawadi, na haikumwokoa. Frodo, baada ya safari nzima, anasimama kwenye ukingo wa moto na kukataa kuitupa Pete. Anajitangazia kuwa ni yake. Inateketea kwa sababu Gollum anamng'ata kidole na kuporomoka nayo, na Gollum yuko hai kwa sababu Bilbo, kisha Frodo, walimhurumia pale walipoweza kumwua. Mila, basi, haimfanyi mtu kuwa mwema. Humpa mazoezi tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoitenga riwaya hii na mahubiri.

Mdogo asiyekuwa Sungura

Msomaji aliyelelewa kwa ngano zetu huenda akamwona Mhobiti kuwa Sungura aliyevaa fulana yenye vifungo vya shaba nyeusi. Yapo ya kumpa haki. Bilbo ameajiriwa kama mwizi, anamzungumzisha joka kwa mafumbo, anawatorosha wenzake ndani ya mapipa. Hata mashindano ya vitendawili tunayaelewa bila mkalimani: anayetega ana haki yake, anayeshindwa hutoa mji. Na kama wazee wetu wangekuwa waamuzi siku hiyo pangoni, wangesema kwamba Bilbo alivunja kanuni, maana swali lake la mwisho, la kutaka mwenzake abashiri kilichomo mfukoni mwake, si kitendawili. Jibu lake halimo katika hazina ya jamii. Limo mfukoni tu. Simulizi lenyewe linakiri kasoro hiyo.

Lakini ulinganisho unakoma hapo. Sungura humshinda Simba kwa sababu anamjua Simba: anajua tamaa yake na kiburi chake, na huvitumia. Ushindi wa Mhobiti katika kisa kikuu hautokani na ujanja. Frodo na mtumishi wake Sam wanafika Mordor kwa kuvumilia njaa, kiu na uchovu, na kwa sababu adui hakuwahi kufikiri kwamba yupo anayeweza kuwa na Pete asitake kuitumia. Udogo wa Sungura ni silaha. Udogo wa Mhobiti ni kiwango cha matakwa. Sam anapoibeba Pete kwa muda anashawishiwa na ndoto ya kuigeuza nchi ya adui kuwa bustani kubwa, naye anaipuuza kwa kuwa anajua kwamba anachohitaji ni bustani ndogo ya mtunza bustani mmoja. Huo ndio udogo tuliokuwa tukiutafuta: si wa mwili wala wa akili, bali wa kujua kiasi cha kitu kimtoshacho mtu.

Kasoro za Shire

Mhakiki akiishia hapo atakuwa ameandika sifa, si uhakiki. Shire ina kasoro, na riwaya inazijua zaidi ya wengi wa mashabiki wake.

Kwanza, amani ya Wahobiti inalipiwa na wengine. Walinzi wa kaskazini, watu warefu wenye mavazi yaliyochakaa, huzunguka mipakani usiku na mchana wakizuia hatari, na Wahobiti wanaowaona huwadharau kama wazururaji. Pili, jamii hii ina matabaka. Sam humwita Frodo bwana toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tolkien, aliyepigana huko Somme mwaka 1916, alikiri kwamba alimchora Sam kwa kuwakumbuka askari wa kawaida aliowajua vitani na kuwaona kuwa bora kuliko yeye. Heshima hiyo ni ya kweli, ila haimwondoi Sam jikoni. Tatu, Shire huwacheka wageni, na mgeni ni yeyote anayeishi ng'ambo ya mto.

Kasoro hizi zinalipuka katika sura ya kabla ya mwisho, ambayo filamu za Peter Jackson (2001–2003) ziliiacha. Wasafiri wanarudi na kuikuta nchi yao imeporwa. Uporaji haukuanza na majeshi ya kigeni. Ulianza na Lotho Sackville-Baggins, mwana wa nchi, aliyekuwa akinunua vinu, mikahawa, mashamba na mashamba ya tumbaku zaidi ya mahitaji yake, na kuyapeleka mazao nje ilhali wenyeji wanapungukiwa. Kisha wakaja majambazi aliowaalika, kisha bwana wao. Askari wa ndani wakaongezwa hadi mamia, na wengi wao ni Wahobiti wanaowakamata Wahobiti wenzao, wakijitetea kwamba wanafuata amri. Mavuno yakachukuliwa kwa jina la ugawaji wa haki. Miti ikakatwa. Msomaji wa Kenya hahitaji tanbihi hapa. Anajua jinsi uporaji unavyoanza na mmoja wetu anayetaka zaidi ya kimtoshacho, na jinsi lugha ya kugawana inavyoweza kutumika kunyang'anya. Lotho ni Pete iliyovaa ngozi ya jirani.

Wahobiti wanajikomboa, na gharama inatajwa kwa hesabu: wao 19 wanakufa, na majambazi karibu 70. Frodo anasisitiza kwamba hakuna Mhobiti aliyepata kumwua Mhobiti mwenzake kwa makusudi katika Shire, na kwamba jambo hilo lisianze sasa. Baadaye Sam anaitibu ardhi kwa udongo aliopewa kama zawadi na malkia wa Elves, akiugawa punje kwa punje nchi nzima badala ya kuuweka katika shamba lake. Mila imerudi mahali pake.

Kasoro ya nne hatuwezi kuipita. Pembezoni mwa ulimwengu huu wako watu wa kusini, wenye ngozi za kahawia na nyeusi, wanaokuja kupigana upande wa adui. Hawana dibaji. Hawana milo, nasaba wala siku za kuzaliwa. Wengine wanafananishwa na nusu-majitu. Mwandishi aliyejua kuandika kurasa nyingi juu ya tumbaku ya Wahobiti hakuwaandikia watu hawa hata aya moja ya mila. Ipo pahala moja tu ambapo pazia linafunguka: Sam anaiona maiti ya mpiganaji wa kusini ikianguka mbele yake, na anajiuliza jina la mtu huyo lilikuwa nani, alitoka wapi, na kama kweli alikuwa mwovu au alidanganywa tu akaacha kwao. Anayeuliza ni Mhobiti, tena mtunza bustani. Jicho la mdogo limeona kile ambacho macho ya mashujaa hayakuona. Lakini linaona kwa kitambo kifupi, kisha hadithi inaendelea, na jina hatulipati. Kuisoma riwaya hii kutoka huku kwetu ni kulipokea swali la Sam na kukataa lipite.

Swala la jina

Sasa tunaweza kurudi semina. "Mbilikimo" linakataliwa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ya kiufundi: riwaya hizi zina jamii nyingine ya watu wafupi wenye ndevu, wachimba migodi, na neno moja haliwezi kuzibeba jamii mbili zinazosafiri pamoja. Ya pili ni ya kifasihi: neno hilo, ambalo wako wanaolichambua kuwa ni "mbili" na "kimo", humfafanua mtu kwa kipimo peke yake, ilhali tumeona kwamba kimo ndicho kitu kisicho na uzito zaidi katika utamaduni wa Wahobiti. Ya tatu ni ya kimaadili, na ndiyo nzito. Neno hilo lina wenyewe. Limebandikwa watu walio hai, Wabatwa wa Uganda, Rwanda na Burundi, Wambuti wa Ituri huko Kongo, na historia ya kuwatazama watu hao kama viumbe wa hadithi imemwaga machozi. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana aliyetolewa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili watu wamtazame. Mwaka 1991 Wabatwa waliondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa kuwa mbuga za taifa. Mfasiri atakayemwita Mhobiti mbilikimo atamwambia mtoto anayesoma kwamba watu hao ni wa hadithini: wanene, wachangamfu, wenye manyoya miguuni.

"Kijitu" nalo halifai. Sarufi yetu ina kumbukumbu ndefu. Kiambishi ki- kinapowekwa kwa mtu aghalabu humpunguza, kama tuonavyo katika kipofu, kiziwi na kilema. Upatanisho wa a-/wa- huja baadaye kumrudishia utu, lakini nomino yenyewe imekwisha kusema.

"Nusu-mtu" lina kisa chake. Katika riwaya liko jina la maana hiyo, na hutumiwa na watu warefu. Wahobiti wenyewe hawajioni kuwa nusu ya chochote. Nusu huhitaji mzima wa kuipimia, na mzima huyo ni mtu mwingine. Ni jina la nje, kama majina mengi ambayo makabila yetu yaliitwa na majirani kisha yakaandikwa ramanini. Kwa hiyo linafaa kutafsiriwa, ila libaki katika vinywa vya wale wanaolitumia. Katika masimulizi na katika vinywa vya wenyewe, jina liwe Mhobiti, wingi Wahobiti, katika ngeli ya watu. Tolkien mwenyewe aliwaachia wafasiri mwongozo wa majina, uliochapishwa mwaka 1975 baada ya kifo chake, na kanuni yake inafuata njia iyo hiyo: jina ambalo maana yake imesahauliwa na wenyewe lisitafsiriwe, na lile la nje lenye maana wazi litafsiriwe.

Maisha ya baadaye ya majina haya yanaithibitisha tofauti hiyo. Mchezo wa Dungeons and Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974 uliwachukua Wahobiti kwa jina lao, na baadaye, kwa sababu ya madai ya hakimiliki, ukabakia na lile la nje. Tangu hapo michezo na riwaya nyingi zimezaa "nusu-watu" wafupi, wepesi, wanaopenda kula. Wamerithi kimo na tumbo; mathom na siku ya kuzaliwa vimeachwa nyuma. Kwa upande mwingine, mabaki ya binadamu wa kale wafupi yalipofukuliwa katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 2003, yalibandikwa jina la utani la hobbit ulimwenguni kote. Jina la kubuni lilishuka juu ya mifupa ya kweli kwa kigezo kile kile cha urefu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sifa za Wahobiti zimefungamana, na kwamba fundo lao ni uhusiano wa mtu na vitu. Mila ya kutoa ndiyo inayoifanya Pete kuwa ya kutisha, ndiyo inayoufichua uwongo wa Sméagol na wa Bilbo, na ndiyo inayotupa kigezo cha kumhukumu Lotho. Tumeonyesha vile vile mahali ambapo riwaya inakoma kuona, nako ni kusini, upande wetu.

Kwa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili kazi hii haiishii Shire. Nchi zetu za kubuni zimekuwa hodari wa kuonyesha mahakama, sheria na utawala. Si mara nyingi zinatuambia watu wake wanakula nini, wanapeana nini, na wanadanganya vipi. Mwandishi chipukizi anayetaka kubuni jamii hana budi kuanzia huko. Ama mfasiri atakayethubutu kuwaleta Wahobiti katika Kiswahili, na tunaamini atatokea, akumbuke darasa lile: kabla ya kuwapa watu jina, aulize wao hujiitaje, na kama jina analolishika mkononi halina mwenyewe tayari.